Nani anaingia kwa Kerberos, nani kwa NTLM?

SWALI: Shikamoo dada. Natunza kompyuta 34 na seva moja ya mafaili kwenye chama cha akiba na mikopo hapa Moshi. Mkaguzi anataka tuzime NTLM, ile njia ya zamani ya Windows ya kumtambua mtumiaji, tubaki na Kerberos tu, ile mpya zaidi inayotumia tiketi, yaani vibali vya muda vya kuingia. Nimeandika skripti ya PowerShell ipite kila kompyuta kusoma tukio namba 4624, ile rekodi ya Windows ya mtu kuingia kwa mafanikio, lakini kwa wafanyakazi karibu kila mstari unasema Negotiate. Nimekosea wapi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Skripti yako ni nzima, ila umebisha hodi mlango ambao siyo. Mtu akiandika nenosiri mezani kwake, kompyuta yake huandika Negotiate, yaani "tupatane", bila kukuambia wamepatana kwa njia ipi. Iulize seva ya mafaili, maana ndiyo inayofunguliwa. Chukua 4624 zenye Logon Type 3 tu, ndizo zilizopita kwenye mtandao. Hapo utaona Kerberos au NTLM, na kwenye NTLM kuna sehemu inayotaja toleo, V1 au V2. Majina yanayoishia na $ yatupe, hayo ni kompyuta zenyewe. ANONYMOUS LOGON ikija na V1 isikutishe, hakuna nenosiri la mtu pale. Mimi ilinikosesha usingizi usiku mzima kabla sijalielewa hilo.

Ila tafadhali, skripti isiache kuandika kwenye kila mstari anwani ya mashine aliyotokea mtu. Ofisi moja ninayoihudumia hapa Arusha, karibu na Soko Kuu, ilikuwa na wahasibu watatu wanaotokea NTLM kila siku, na wenzao wa chumba kilekile wote Kerberos. Nilienda nikakaa kwenye kiti cha mmoja wao. Njia yake ya mkato ilisomeka \\192.168.1.10\mishahara, ya jirani yake, \\seva\mishahara. Tiketi ya Kerberos hutolewa kwa jina la huduma, kwa hiyo Windows ikipewa namba tupu, kwa kawaida haiombi tiketi kabisa. Tukaandika jina, wakatoka na kuingia upya, nao wakahamia Kerberos siku hiyohiyo.

Angalia na saa pia. Kompyuta yenye betri ya bodi iliyokufa huamka na tarehe ya ajabu umeme ukirudi, na Kerberos kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

Logi ya usalama, lile daftari la Windows lenye matukio hayo, ikijaa hufuta ya zamani, hivyo ipangie skripti ijiendeshe kila jioni na kuongeza mistari kwenye faili moja la CSV. Usizime kitu katikati ya mwezi. Fotokopi inayotuma skani kwenye folda, au mashine ya zamani inayowashwa siku ya mishahara tu, hutaiona kwa wiki moja. Orodha ya NTLM ikikaa tupu tangu tarehe 1 hadi mishahara imetoka, mpigie mkaguzi.