Kabla Hujampandisha Shoga Yako Kwenye Pikipiki

Sikukuu ya Idi mosi jioni, Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, hapana pa kutia mguu. Watu wametoka Makadara na watoto wao, wengine wamevuka kwa feri kutoka Likoni, mihogo na viazi vya karai vinakaangwa kila baada ya hatua chache, na kila mwenye simu anapiga picha na bahari. Pikipiki yangu aina ya Boxer nilikuwa nimeiegesha juu ya kabro, yale matofali ya kutandika chini, kando ya njia. Nilikuwa ndiyo kwanza nifike. Nimetoka nayo Kisauni, nimevuka daraja la Nyali na kukatisha mji katika ule msongamano wa sikukuu. Eksozi, lile bomba la moshi, ilikuwa moto wa kuunguza.

Shoga yangu mmoja, tumesoma chuoni pamoja tangu alifu na bee, akaja na buibui lake jipya na viatu vya kisigino. "Mwenzangu, hebu nipande unipige picha." Nikamwambia panda upande huu, nikarudi nyuma hatua nne na simu mkononi, nikawa natafuta pembe itakayoonyesha bahari nyuma yake.

Alipanda vizuri tu. Pikipiki ikiwa kwenye stendi ya pembeni hulalia kushoto, na asiyeizoea akishaketi huhisi kama inaanguka. Naye akahisi hivyo. Akafanya ambalo mtu yeyote angelifanya, akaisukuma isimame wima. Ikasimama, ikapita pale kati, ikaanza kwenda kulia. Mguu wa kulia ukatafuta chini ukaipata kabro kwa ncha ya kiatu tu, kisigino kikapinda, na yeye na pikipiki wakaenda chini pamoja. Ubavu wa kulia ndio wenye eksozi. Mguu wake ulibanwa baina ya eksozi na kabro mpaka wanaume watatu walipokuja kuinua.

Buibui ni kitambaa cha nailoni. Kikipata moto kinayeyuka na kugandana na ngozi. Mmoja akaleta dawa ya meno, mwingine akasema tafuteni mafuta ya nazi, na katika kuhangaika kule mtu akakivuta kitambaa. Kilitoka na ngozi. Siku ile sikujua, leo najua na nawaambia nyote: mtu akiungua, mpeleke kwenye maji ya kawaida yanayotiririka, ayakalie dakika 20 nzima hata kama analalamika. Si barafu, si dawa ya meno, si mafuta, si yai. Kitambaa kilichogandana usikivute, kata pembezoni mwake, kile kilichoshika ngozi kiache, funika kwa kitu safi kisichonata kisha mpeleke hospitali. Wiki sita shoga yangu alifungwa bendeji, na kila nilipokwenda kumtazama mamake alinipokea kwa chai na mahamri bila neno hata moja la lawama. Ile chai ilikuwa nzito kuinywa.

Nasema wazi: kosa lilikuwa langu. Yeye hakujua kitu, na hakuwa na sababu ya kujua. Nilikuwa nimeendesha miaka minne tayari, najua eksozi iko wapi, najua stendi inalalia upande gani, najua hii kitu ina uzito wa zaidi ya kilo 100. Nikambebesha vyote hivyo bila kumwambia, nikarudi nyuma hatua nne.

Tunaoendesha tumezoea kuihofia barabara. Tunaogopa lori za bandarini pale Changamwe, tunaogopa matatu inayokata ghafla Saba Saba, tunavaa helmeti na reflekta. Pikipiki iliyozimwa tunaiona kama kiti. Kwa mgeni wa pikipiki sivyo. Sisi mwili umeshajifunza kuisimamisha pale kati bila kufikiri. Paja linasikia ikianza kwenda kabla akili haijajua. Mgeni anasikia ikiwa imekwisha kwenda, na ikishapita kiasi hakuna mkono wa binadamu wa kuirudisha. Ndiyo maana hata pale foleni ya feri, siwezi kumwambia mtu "nikalie hapa nikalipe." Nishikie mkoba, nishikie mtoto, lakini pikipiki nitaisukuma mwenyewe hadi kwenye dirisha.

Siku hizi nafanya hivi. Kwanza naitazama ardhi. Pwani yetu hii mchanga uko kila mahali, na stendi ikizama mchangani kidogo tu, mtu akishaweka uzito wake basi. Lami nayo, saa nane mchana kwenye jua kali, hulainika. Nina kipande cha ubao chembamba chini ya kiti, saizi ya kiganja, nakitia chini ya stendi. Mteremkoni simpandishi mtu kabisa. Nikishapata pahali tambarare, nazima, natia gia ya kwanza ili isibiringike ikaiacha stendi, kisha ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Si kwenye suwichi, si mkononi mwa rafiki. Mfukoni mwangu.

Halafu tunangoja. Hili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu watu wana haraka na jua la picha linazama. Lakini eksozi haipoi kwa dakika tano. Mimi hungoja nusu saa, kisha naileta nyuma ya mkono karibu nayo bila kuigusa. Ikiwa bado nasikia joto, tunakunywa madafu kwanza. Na wenye watoto, nawaomba sana: mtoto mwenye kaptura mguu wake uko sawasawa na injini. Usimwinue ukamweka juu ya tangi ati atulie. Mtoto hatulii.

Kisha nguo. Sisi wanawake wa hapa tunavaa madera na mabuibui, wanaume wana vikoi na kanzu, na vyote ni nguo za staha ninazozipenda. Mimi mwenyewe ni fundi wa cherehani, nashona madera, na pikipiki hii ndiyo inayowafikishia wateja nguo zao. Lakini upindo mpana hunasa kwenye kile chuma cha kuwekea mguu, na anayeshuka akinaswa huanguka pamoja na pikipiki. Naukusanya upindo wote mbele, natia fundo juu ya goti, chini yake avae suruali. Viatu vya kisigino vinavuliwa, hakuna mjadala. Nyayo zote mbili zifike chini kwa ukamilifu. Asiyefika, picha yake ataipigwa amesimama kando, ameshika usukani, na wallahi hutoka nzuri vilevile.

Kabla hajapanda namwambia mambo mawili. La kwanza: itakuwa imelala kushoto, iache ilale hivyohivyo, hiyo ndiyo kukaa kwake, usiinyooshe. La pili, namtazama machoni nikilisema: ikianza kuanguka, iachie. Toa mguu, ruka, iende. Watu wetu wana heshima ya mali ya mwenzao, na heshima hiyo ndiyo inayovunja vifundo vya miguu. Mtu anajaribu kuiokoa pikipiki ya rafiki yake kwa mguu wake mwenyewe. Mkono wa klachi unauzwa, saidi mira inauzwa, indiketa inauzwa, fundi atakutengenezea siku hiyohiyo. Ikiwa huwezi kulisema neno "iachie" kwa moyo mkunjufu, ikiwa unajua ikikwaruzwa utanuna, basi usimpandishe mtu. Huo si uchoyo. Kumpandisha kisha ukamdai ndio uchoyo.

Na mimi mwenyewe nasimama mbele. Si kando, si nyuma na simu. Mbele, tairi iko baina ya magoti yangu, mikono miwili kwenye usukani, breki ya mbele imebanwa. Picha apige mtu mwingine. Anayepanda ni mmoja tu, na anaposhuka bado sijaachia mpaka miguu yake miwili iko chini na mikono yake imetoka.

Kuna wale wasiotosheka na kuketi. "Niwashe tu, siendi popote." Maneno hayo niliyasikia kwa mtoto wa dadangu, kijana wa miaka 19, kwenye baraza letu jioni moja. Nilikuwa nimesimama karibu safari hii, nikadhani ukaribu unatosha. Akawasha. Akavuta klachi, akagonga gia kama alivyoona watu wakifanya, kisha akaiachia klachi yote kwa mara moja. Pikipiki iliruka. Mwili wake ukabaki nyuma, mikono ikang'ang'ania zaidi, na mkono wa kulia kwa kuvutwa na mwili ukazidi kufungua mafuta. Haya ndiyo maumbile ya pikipiki ambayo mgeni hayajui: unapoogopa unashika kwa nguvu, na mkono unaoshika kwa nguvu huku ukirudi nyuma ndio unaoongeza kasi. Kadiri alivyoogopa ndivyo ilivyokimbia. Iligonga ukingo wa baraza ya jirani na kuzimika, hatua mbili kutoka kwa karai la mafuta ya moto la bibi anayekaanga viazi. Kijana alitoka na kiganja kilichoteguka, matgadi ya mbele ikavunjika. Yule bibi alikaa chini kwenye kigoda akawa anavuta uradi tu, hasemi na mtu.

Tangu siku ile, injini haiwashwi na asiyejua. Anayetaka kujifunza kweli namwanzia kwenye kusukuma. Injini imezimwa, gia imetolewa, yeye ameshika usukani upande wa kushoto, mimi nimeshika nyuma kulia. Tunakwenda hatua 20, tunageuka, tunarudi. Avute breki ya mbele polepole, kisha ya ghafla, asikie tofauti. Wengi wakishausikia ule uzito mikononi mwao hunirudishia wenyewe na kusema, "Ee, kumbe." Na wale wanaoomba kuendelea baada ya hapo nawapeleka shule ya udereva, kwa sababu mimi najua kuendesha, kufundisha sikusomea.

Sheria nayo iko, na watu huisahau kwa kuwa "ni hapa mtaani tu." Kenya kuendesha pikipiki kunataka leseni ya daraja lake, na anayeshtakiwa si yule aliyeendesha bila leseni peke yake, mwenye chombo aliyemruhusu naye ana kesi. Bima unayolipa inamtazama dereva mwenye leseni. Kijana asiyekuwa nayo akimgonga mtu kichochoroni, huenda ukalipa kwa mfuko wako.

Ikiwa yote umeyafanya na bado imeanguka, mtazame mtu kwanza, chuma baadaye. Zima suwichi. Ikiwa ni ya karbureta kama yangu hii, ikilala petroli huanza kuvuja, kwa hiyo funga koki ya petroli na wafukuze wenye sigara. Ikiwa imelalia kulia, teremsha stendi ya pembeni kabla hujainua, usije ukaisimamisha ikaangukia upande wa pili. Kisha geuza mgongo, kalia ubavu wa kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mkono mwingine, sukuma kwa miguu. Mgongo usiutumie. Ngoja dakika chache kabla ya kuwasha, na kabla ya kuondoka hakikisha mkono wa mafuta unarudi wenyewe ukiuachia, breki ya mguu haikupinda, na usukani umenyooka.

Kukataa ndiko kunakotutoa jasho wengi wetu. Kwetu mtu akikuomba kitu mbele za watu ni aibu kumnyima. Mimi nimepata neno langu: "Si leo mwenzangu, ina moto." Ni kweli, maana eksozi karibu kila mara ina moto, na hakuna anayeudhika. Wenye kushikilia nawaonyesha picha ya mguu wa shoga yangu, kwa idhini yake. Yeye mwenyewe aliniambia nionyeshe.

Ana kovu ubavuni mwa muundi, refu kama kidole cha kati. Idi iliyopita alikuja tena Mama Ngina, suruali ndani ya dera, raba miguuni. Hakuniambia nipige picha. Alisimama kando ya pikipiki akauliza, "Imepoa?" Nikaweka nyuma ya mkono, nikamwambia bado. Tukaketi ukingoni tukala mihogo na pilipili ya ndimu, meli moja ikapita inaingia Kilindini, akauliza tena. Nikaweka mkono. Nikamwambia haya, sasa.

Picha tuliipigwa na mpwa wangu. Shoga yangu ameketi, pikipiki imelala kushoto kidogo, bahari iko nyuma yake, na mbele kwenye pembe mikono yangu miwili inaonekana imeshika usukani. Alitaka kuikata mikono ile kabla ya kuituma, kisha akasema hapana, wacha ikae.