Afande, ulikuwa wapi?

Juzi msomaji mmoja aliniandikia saa nane usiku. Ni askari jela, mtoto wake ana miezi mitatu na siku chache, likizo ya uzazi imekwisha na amepangwa zamu ya usiku wiki nzima. "Dada, nifanyeje? Maziwa yananijaa mpaka nalia." Niliusoma mara tatu, kisha usingizi ukaniruka, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwaka 2018.

Nilikuwa askari katika gereza moja la wanawake. Wadi yangu ilikuwa na wafungwa zaidi ya sitini, na usiku tulitakiwa kuwa askari wawili. Usiku ule mwenzangu alivutwa langoni, nikabaki mimi, rungu na tochi. Sheria za Kenya zinamruhusu mfungwa kukaa na mtoto wake mpaka afikishe miaka minne, kwa hiyo humo wadini mlikuwa na vichanga. Kimoja kikaanza kulia. Mamake akakipakata, akakinyonyesha, kikanyamaza. Mimi nimesimama upande wa pili wa nondo, sare imelowa kifuani, na wangu yuko nyumbani na yaya, ananyonya chupa. Haki ya yule mtoto naitetea hadi leo. Lakini serikali iliyokumbuka kwamba mtoto wa mfungwa anahitaji ziwa la mama, mbona haikumwona wangu?

Nikaenda chooni kukamua. Kikombe cha plastiki mkononi, bega nimeegemeza mlangoni kwa sababu komeo lilikuwa limevunjika. Maziwa yale nikayamwaga kwenye sinki. Hazikufika dakika kumi na tano. Niliporudi, mwanamke mmoja alikuwa sakafuni, kichwa kimepasuka. Wenzake wawili walikuwa wamempiga kwa ndoo. Alishonwa nyuzi tisa. Aliporudi kutoka zahanati alinishika mkono, akaniuliza, "Afande, ulikuwa wapi? Nilikuita." Swali hilo sijalijibu.

Barua ya kujieleza ilinifikia kabla ya saa nne asubuhi. Niliulizwa kwa nini niliacha lindo, na kosa hilo nalikiri, ni langu. Ila hakuna aliyeuliza ni nani aliyemwondoa mwenzangu, wala ni nani aliyempanga mama anayenyonyesha usiku kucha peke yake. Mshahara ukakatwa, faili likafungwa. Bado inaniuma.

Tangu siku hiyo nikaanza kuandika, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Kila nilipopokea zamu, niliandika kwenye kitabu cha matukio: wafungwa 64, askari mmoja badala ya wawili, msimamizi wa zamu amejulishwa saa mbili na dakika tano usiku. Ukilisema kwa mdomo, asubuhi litakanwa.

Pili, ijue sheria inayokuhusu. Barua yangu ya kwanza ya kuomba zamu ya mchana na mahali pa kukamulia niliijaza vifungu vya Sheria ya Ajira ya 2007, ikarudishwa siku hiyohiyo. Kifungu cha 3 cha sheria hiyo kinasema haituhusu sisi wa magereza. Nililia. Ya pili nikaiegemeza kwenye Sheria ya Afya ya 2017. Kifungu cha 71 kinawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, penye viti na pa kunawia mikono, na kinasema wazi pasiwe chooni. Kifungu cha 72 kinampa mama mapumziko ya kunyonyesha, yasiyozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Baada ya wiki tano nikahamishiwa zamu ya mchana, na stoo moja ikaondolewa magunia, ikawekwa kiti, pazia na beseni. Nasema kwa fahari, askari waliokuja baada yangu walikamulia humo.

Wafungwa watatu wa ugaidi walipotoroka gereza la Kamiti mwezi Novemba 2021, Rais Kenyatta alimfuta kazi Kamishna Jenerali wa magereza, na askari kadhaa wakakamatwa. Angalau mara ile swali lilipanda hadi juu. Lakini lazima atoroke mtu ndipo lipande? Aliyepasuliwa kichwa na ndoo naye alikuwa mikononi mwa serikali. Usalama wa gereza huanzia kwenye karatasi ya zamu, na anayeipanga lazima aulizwe. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi Bungeni. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Uliza ni askari wangapi wanaopangwa usiku kwa kila wadi. Ulizeni wengi, ili asionekane mmoja.

Kwa hiyo, dada yangu, ukiingia zamu leo jioni anza na kitabu: idadi ya wafungwa, idadi ya askari, saa. Barua iandike kesho ukishalala kidogo, weka nakala mbili, na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa. Nitumie kwanza niisome. Usiku huwa niko macho.