Mbunge usiyemtaka naye, mtazame kwenye Hansard kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kuna haja gani ya kuhakiki tuhuma za mbunge ambaye "kila mtu anamjua alivyo". Nitakujibu kwa yaliyotokea kwetu Kenya Juni 2024.

Mbunge wetu sikumpigia kura na sina mpango huo. Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, ulipopita bungeni tarehe 25 Juni, kura 195 kwa 106, orodha za "wasaliti", yaani wabunge waliosema ndiyo, zilifurika WhatsApp, nyingine zikiwa na nambari za simu. Orodha moja ilikuwa na jina lake, nyingine haikuwa nalo. Vijana kwenye kikundi chetu hawakujali, walishaanza kulitaja duka lake. Nilipouliza orodha imetoka wapi, nikaambiwa nimelipwa. (Ningelipwa, nisingekuwa nadaiwa kodi ya nyumba.)

Kumbe kura zilikuwa mbili. Mswada uliposomwa mara ya pili tarehe 20 Juni, waliuunga mkono 204 na kuupinga 115. Ile ya tarehe 25 ilikuwa ya mwisho. Orodha nyingi zilizichanganya hizo mbili, na asiyekuwepo bungeni akahesabiwa pamoja na aliyesema ndiyo. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za vikao vya bunge, haitoki saa ileile, lakini ikitoka ina majina. Nilipoisoma nikamkuta mheshimiwa: tarehe 20 ndiyo, tarehe 25 hayumo upande wowote.

Kwangu mimi hilo lilikuwa baya kuliko uvumi. Alipokuja barazani alikuwa amejiandaa, akapunga ile orodha na kusema anasingiziwa, siku hiyo hakupiga kura. Watu wakaanza kumwonea huruma! Ndipo mzee mmoja akasimama na karatasi ya Hansard: "Sawa, na tarehe 20? Na tarehe 25 ulikuwa wapi?" Mheshimiwa akaanza kuzungumzia barabara.

Kwa hiyo sihakiki kwa kumhurumia. Tuhuma ya uongo ndiyo inayompa pa kutokea.

Hata hili la "amekula CDF", fedha za maendeleo ya eneo bunge, unalolitaja, tafuta ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu eneo bunge lenu. Ukikuta imeandikwa kwamba stakabadhi za malipo hazikuwasilishwa, usiandike ameiba. Andika mradi gani, kiasi gani, mwaka gani wa fedha, kisha muulize stakabadhi ziko wapi.