Fukwe tulivu karibu na Matema: jaribuni Ikombe

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, mnatoka Iringa na watoto, mmeshauriwa Matema, ufukwe wa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, ila mnaogopa umati na muziki wa sikukuu.

Angalia tarehe kwanza. Matema hujaa Pasaka, Krismasi na wikiendi. Nendeni Jumatatu au Jumanne, huenda msihitaji ufukwe mwingine.

Tarehe ikigoma, laleni Matema, mchana mwende Ikombe. Ni kijiji cha Wakisi, wafinyanzi wa vyungu, kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone. Mimi napapenda kuliko Matema yenyewe: mlima unashuka moja kwa moja majini, na akina mama wanafinyanga mbele ya nyumba zao. Tembeeni hadi Lyulilo, kijiji jirani na Matema, mkodi mtumbwi au boti. Pataneni bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, tena muondoke asubuhi, upepo ukianza mawimbi si ya watoto. Jumamosi Lyulilo kuna soko la vyungu. Zuri sana, ila utulivu hakuna.

Upande wa mdomo wa mto Lufilyo watu ni wachache, lakini msiogelee huko, kuna hatari ya mamba. Popote mtakapokuwa, waulizeni wavuvi kabla ya kuingia majini. Kichocho nacho kipo ziwani: epukeni penye matete na maji yaliyotuama, na miezi miwili hivi baada ya kurudi mkapime wote.

Mkienda Machi hadi Mei, ulizieni kwanza barabara ya Ipinda, ya kuingilia Matema. Kyela mvua ni nyingi mno miezi hiyo.