Maswali Yenu: Nimekuta Narcan kwenye begi la mwanangu, je ni kosa?

Swali: Habari za kazi. Naishi Houston, Texas, na mume wangu na watoto. Juzi nilikuwa natoa nguo za kijana wetu kwenye begi nizifue, yeye yuko chuo mwaka wa pili, nikakuta kiboksi kimeandikwa Narcan ndani kuna vidude viwili vya kupuliza puani. Baba yake kashaamua mtoto anatumia unga na anataka kukitupa, mtoto anasema wamegawiwa chuoni. Kukaa na hiyo dawa ni kosa hapa Texas? Na rafiki yake akizidiwa na madawa nyumbani kwetu tukipiga 911 (simu ya dharura) si tutabebwa wote na polisi? – Mama wa Houston

Jibu: Dada yetu, kwanza mwambie shemeji asikitupe tafadhali. Hiyo ni naloksoni, hailevyi kabisa, kazi yake inaenda kwenye ubongo inabandua heroini, fentanili (dawa kali sana ya kuua maumivu), morfini na dawa za jamii hiyo pale ziliponatia, na mtu ambaye pumzi ilikuwa inakatika anaanza kupumua tena ndani ya dakika mbili tatu hivi. Ukimpulizia mtu ambaye hajatumia hizo dawa haimdhuru.

Kuwa nayo sio kosa, Texas wala jimbo lingine lolote. Zamani ilikuwa lazima uandikiwe na daktari ndo maana kila jimbo likatunga sheria yake ya kulegeza, New Mexico walianza 2001, Texas wakaja 2015, lakini Machi 2023 serikali kuu ikaruhusu hiyo ya puani iuzwe bila cheti na tangu Septemba mwaka huo ipo famasi na supamaketi, boksi la dozi mbili lilianza kwa kama dola 45. Tena sheria ya Texas inamlinda anayempa mwenzie kwa nia njema, hashtakiwi wala hadaiwi fidia. Na kijana kuwa nayo haina maana anatumia, vidonge feki vinavyouzwa kama Xanax (ya wasiwasi) au Percocet (ya maumivu) vingi vina fentanili ndani, mtoto wa watu anameza kimoja ili atulize maumivu au apate usingizi na asubuhi haamki. Mwaka 2022 Marekani ilipoteza watu karibu 108,000 kwa ovadozi, yaani kuzidiwa na madawa, wengi wao ni fentanili. Mwanao kujiandaa kumuokoa mwenzie wa bwenini mimi namsifu.

Sasa hilo la 911, hapa Texas ni wabahili jamani na inaniuma kusema. Gavana Abbott aliukataa muswada wa kwanza wa kumlinda anayepiga simu 2015, ukapita mwingine ukaanza kazi Septemba 2021, lakini haumzuii polisi kumkamata mtu, unampa utetezi tu akifika mahakamani, na ni kwa dawa kiasi kidogo. Lazima uwe wa kwanza kupiga, ubaki pale mpaka wafike, ushirikiane nao, na kama una hukumu ya nyuma ya madawa au ulishapiga simu ya namna hiyo ndani ya miezi 18, utetezi huo huna. Yaani ukimpigia mtu simu mara mbili mwaka mmoja, mara ya pili unaachwa wazi! Ila nyie ambao hamna dawa zozote za kulevya, kosa mnalo gani? Pigeni.

Akizidiwa mtu utamuona haamki hata umsugue kifua kwa vifundo vya vidole, anakoroma kama amekabwa au kimya kabisa, na kwa ngozi yetu nyeusi angalia midomo na kucha zinageuka kijivu. Piga 911, mlaze chali, inua kidevu, ingiza ncha yote puani mpaka vidole viguse pua halafu bonyeza. Usijaribishe hewani kwanza, kila kidude kina dozi moja tu. Asipoamka baada ya dakika mbili tatu weka cha pili tundu la upande wa pili, akianza kupumua mlaze ubavu na usimwache, manake naloksoni inaisha nguvu baada ya dakika 30 mpaka 90 na fentanili inaweza kuwa bado imo mwilini. Na isikae kwenye gari na joto la Houston.

Swali: Niko Columbus, Ohio, nina green card. Mshkaji ninayekaa naye anatumia. Sheria inanilinda na mimi? – Msomaji wa Columbus

Jibu: Ya Ohio ya mwaka 2016 inakulinda usishtakiwe kwa dawa kidogo ukiita msaada, ila inahesabu, mwisho mara mbili, na ndani ya siku 30 lazima ukapimwe na upewe rufaa ya matibabu. Lakini ndugu yangu sikiliza hapa, hiyo ni sheria ya jimbo, watu wa uhamiaji wako chini ya serikali kuu na haiwafungi. Kwa mwenye green card hata kukiri kosa dogo la madawa mahakamani kunaweza kukutoa nchini, kwa hiyo usikubali chochote kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji, sio wakili wa kesi peke yake. Kwenye simu sema kuna mtu hapumui na toa adresi, inatosha, wakifika waambie ametumia nini ili wamtibu. Na usisubiri hiyo siku, Ohio wana mradi unaitwa Project DAWN wanagawa naloksoni bure na unaweza kuagiza ikaja kwa posta, agiza leo na mwonyeshe mshkaji inapokaa, maana anaweza kuja kuihitaji kwa ajili ya mtu mwingine.