Uliza Shangazi: Kapu la shamba, nilipe au nisilipe?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu na mtoto wa miaka mitatu tunaishi Madison, Wisconsin, apatimenti ya chumba kimoja, friji yenyewe ndogo. Mwenzangu kazini ananishawishi tuingie CSA, yaani unamlipa mkulima mwezi wa pili halafu kuanzia mwezi wa sita kila wiki unapewa boksi la mboga. Wanataka dola 640 kwa wiki 20. Shangazi mi nimekulia Ilala, mboga nanunua nikiiona, sa hii ya kulipia mchicha ambao haujapandwa naona kama upatu wa kuchezwa na mtu simjui. Nishauri kabla sijamuudhi mume wangu. Msomaji, Madison.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha na huo upatu lakini hujakosea sana, ni upatu kweli, tofauti ni kwamba anayepokea wa kwanza siku zote ni mkulima. Mbegu na mbolea ananunua wakati nje bado kuna theluji, hana cha kuuza, kwa hiyo badala ya kukimbilia mkopo benki anawakopa nyie walaji. Huku Marekani kitu hiki kilianza 1986, Massachusetts na New Hampshire, sio utapeli mpya wa mtandaoni. Ila elewa unachosaini: mvua ya mawe ikipiga nyanya, hakuna nyanya na hela hairudi, hasara mnagawana. Hapo kwenu Madison mwaka 2018 mwezi wa nane mvua ilishuka usiku mmoja mji ukafurika, sa fikiria mtu ana shamba bondeni. Kama roho yako haiwezi hilo, Jumamosi nenda soko la wakulima pale linapozunguka jengo la bunge la jimbo, nunua ukiiona, na wala usione aibu.

Sasa kama roho inaweza. Kosa la wengi, na mimi nililifanya mwaka wangu wa kwanza, ni kupiga hesabu ya bei tu. 640 gawa kwa 20 ni dola 32 kwa wiki, unasema mbona rahisi, unachukua fungu zima. Mwanangu fungu zima ni la watu wanne wanaopika kila siku! Mi niliishia nagonga milango ya majirani na kabichi mkononi kama wakala wa bima. Jiulize kwa wiki mnapika siku ngapi, na usijidanganye, siku za pizza zitoe. Wawili na mtoto, friji ndogo, siku tatu nne za kupika, chukua nusu fungu, au lile la kila baada ya wiki mbili, mashamba mengi yanalo. Au chukueni moja na huyo mwenzako wa kazini mgawane, ila mkubaliane mapema nani anaenda kulichukua, maana boksi linaachwa kwenye kibaraza cha mtu mtaani kwa masaa machache tu, ukichelewa utakuta limeshagawiwa wahitaji.

Kitu cha pili, na hapa ndo penyewe. Kapu halikuulizi unataka kupika nini. Mwezi wa sita ni majani tu, saladi, spinachi, figili, na kolrabi, ndugu yake kabichi, ambayo utaigeuza geuza ukidhani imetoka anga za juu (menya, katakata nyembamba, tia kwenye kachumbari, basi). Nyanya ulizokuwa unazisubiri kwa hamu zinakuja mwishoni mwa mwezi wa saba, zikija zinakuja zote. Mwezi wa tisa na wa kumi maboga, vitunguu, viazi, kabichi. Mahindi yao usiyachome, yana sukari kama soda. Kwa hiyo kabla hujalipa omba orodha ya walichotoa mwaka jana wiki kwa wiki, mkulima wa maana anayo, kaa nayo jikoni uisome na uone mangapi ungeyapika kweli. Tafuta shamba lenye sukuma wiki, wenyewe wanaita "collards", na "chard", maana ile tunayoiita spinachi nyumbani ndo hiyo hiyo chard, sio spinachi yao laini inayonywea ikiona moto. Bitiruti na figili waulize kama zinakuja na majani yake, Wamarekani wanayatupa jamani, we yakaange na kitunguu tia karanga iliyosagwa. Mashamba mengine yana boksi la kubadilishana pale pa kuchukulia, unaacha usichotaka unachukua alichoacha mwenzio. Mimi shamba lisilo na hilo boksi silipi tena.

Na mchicha? Shangazi yako nilijiunga na shamba linalokubali ulipe kwa jasho, masaa machache kila wiki unapalilia na boksi unapewa bure. Siku ya kwanza naambiwa ng'oa magugu, nainama, naona mchicha! Mstari mzima, mchanga, laini, na dada wa watu ananiambia ng'oa hiyo takataka. Nikamuuliza naweza kuibeba takataka yenu? Nilijaza mifuko miwili, jioni nikaipika na nazi, na tangu siku hiyo ile mboga wanayoita "pigweed" wananiwekea pembeni. Kwa hiyo mpigie mkulima uongee naye kabla hujalipa. Akijibu kwa mkato mwezi wa pili akiwa hana kazi, mwezi wa nane hatapokea kabisa.

Hela: mashamba mengi yanakubali ulipe kwa awamu, ila kuuliza ndo hatuulizi. Hapo Madison baadhi ya bima za afya zinakurudishia sehemu ya hela ukipeleka risiti, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kuna umoja wa mashamba hapo hapo unaitwa FairShare, una mpango wa kuchangia familia zenye kipato kidogo na wanapokea na kadi ya chakula ya serikali. Mume mpe hesabu ya nusu fungu, ile ya 640 wala usiitaje.

SWALI: Shangazi mi nimeshalipa mwaka wa pili huu na kila wiki natupa majani, nifanyeje? Msomaji, Minneapolis.

JIBU: Siku hiyo hiyo boksi linapoingia, kabla hujavua hata viatu, kata majani yote kutoka kwenye karoti na bitiruti, yakibaki yananyonya maji ya mzizi unakuwa kama mpira. Majani magumu kama sukuma yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika tatu, toa tia kwenye maji ya barafu, kamua, fungia kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja, weka friza. Saladi haigandishwi, hiyo kula usiku huo huo au mpe jirani. Na mwakani chukua nusu.