Kigogo jua linawaka, mto umejaa. Maji yametoka wapi?

SWALI: Injinia shikamoo. Mi nimepanga Kigogo, nyuma ya nyumba ndo bonde la Msimbazi. Juzi kwetu hakijadondoka hata kitone, jioni mto umejaa mpaka tukaanza kupandisha magodoro juu ya kabati. Halafu kitu kingine, mvua ya kwanza ya msimu ilipiga usiku kucha mto ukatulia tuli, ila wiki tatu baadaye kakaja kamvua ka kawaida tu, tukafurika. Baba mwenye nyumba anasema dawa ni kumwaga zege uwanja mzima. Inakuwaje hapo?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza achana na mawingu ya Kigogo, hayakuhusu sana. Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unashuka Kinyerezi, Tabata, Vingunguti ndo unakufikia wewe, halafu Jangwani na baharini pale Salenda. Eneo lote ambalo tone likidondoka linaishia kwenye mto huo sie tunaliita kidakio, na wewe umekaa kule chini yanakokusanyikia yote. Kwa hiyo inapiga Pugu mchana, huku mnaanika nguo, maji yako njiani yanakuja. Ndugu yako wa Kinyerezi akikupigia simu kwamba kwao inamwagika, huyo msikilize kuliko dirisha lako.

Sasa hiyo ya mvua ya kwanza. Chukua andazi la juzi lichovye kwenye chai, linafyonza weee, ukilirudisha mara ya pili halina nafasi tena, chai inakudondokea kwenye shati. Ardhi ndo hivyohivyo, baada ya kiangazi ina matundu matupu kibao, mvua inazama, kidogo ndo kinakimbia mtoni. Wiki tatu za mvua baadaye imeshiba, kwa hiyo hata kamvua kadogo karibu kote kanateleza juu. Ukipima mvua peke yake bila kujua udongo umeshiba kiasi gani utashangaa kila mwaka.

Njia nyingine ya maji kukimbia ni mvua kuwa na haraka kuliko udongo, hata kama chini bado kukavu. Horton, injinia wa Marekani, aliieleza hii miaka ya 1930. Mchanga unaweza kumeza zaidi ya milimita 30 kwa saa, mfinyanzi ni kama 1 mpaka 5 tu. Ikishuka milimita 40 kwa saa kwenye mfinyanzi, piga hesabu mwenyewe zinazobaki juu. Na pale watu wanapopita kila siku au magari yanapopaki, udongo umeshindiliwa, hata kichanga kinaanza tabia za mfinyanzi.

Zege linameza sifuri. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hii ikariri. Uwanja wa mita 10 kwa 20 ukipigwa na milimita 50 ni lita 10,000, yaani simtank mbili za lita 5,000, zote zinaenda kwa jirani wa chini. Ukichukua hekta nzima ya bati na zege, mvua ya milimita 60 kwa saa, tuseme asilimia 90 inakimbia, unapata kama lita 150 kila sekunde. Ndoo saba na nusu kubwa, kila sekunde! Sasa tangu Kinyerezi mpaka kwako kuna hekta ngapi za bati?

Kwa hiyo mwambie mzee zege halizuii mto wa kutoka Pugu, litamgombanisha na jirani tu. Aache sehemu ya kichanga na nyasi, aweke gata na tenki, na tenki liwe tupu kabla mvua haijaja maana lililojaa halisaidii kitu. Akitaka kuchimba shimo la kunyonya maji ya mvua, achimbe kwanza kidogo kujaribu, huko bondeni ukikutana na maji mita moja na nusu chini hilo shimo limeshakufa, msipoteze hela.

Mnaweza kupima wenyewe. Kata bomba la plastiki la inchi 4, urefu sentimita 30, pigilia sentimita 10 ardhini, mwagia maji yazame kwanza, kisha jaza tena, simamisha rula ndani na uangalie saa ya simu. Yakishuka milimita 5 kwa nusu saa, udongo wako unameza 10 kwa saa, na kiukweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu maji yakishatoka chini ya bomba yanatawanyika pembeni. Rudia sehemu tatu tofauti za uwanja. Ila msipigilie karibu na chemba ya choo, pale ardhi imeshalowa siku zote, majibu yatawadanganya.